Shemeji kala mirathi ya wanangu, kanisani anapigiwa makofi

"Shangazi shikamoo. Mume wangu alifariki mwaka juzi akaniacha na watoto watatu na nyumba ya wapangaji huku Mbagala. Ukoo ulimchagua kaka yake awe msimamizi wa mirathi, tangu hapo kodi anakusanya yeye, sijaona hata mia. Saivi ana gari, na juzi kanisani kwenye harambee katoa milioni mbili watu wakampigia makofi, mi nimekaa nyuma ada ya mtoto sina. Nimefika mahali namuombea apate ajali. Hivi Mungu anaona kweli?"

Marahaba mwanangu, pole sana.

Nianze na hiyo ajali maana naona ndo inakukosesha usingizi. Usijione mchawi. Fungua Zaburi ya 109 uone mtu aliyeonewa anavyoomba, anataka watoto wa adui yake wawe yatima na mkewe awe mjane, na maombi hayo yameachwa humohumo kwenye Biblia hakuna aliyeyafuta. Kwahiyo hasira zako mwambie Mungu zote, hashtuki. Ila ujane we unaujua, na huyo shemeji ana mke.

Sasa kama Mungu anaona, Asafu nae aliuliza hilo hilo Zaburi ya 73, kidogo ateleze kwa kuwaonea wivu waovu, anawaona wamenenepa hawana shida, yeye anajitunza moyo bure tu. Na majirani zako Waislamu hapo watakwambia Qur'ani kwenye sura ya Nisaa inasema anayekula mali ya yatima kwa dhuluma anakula moto tumboni mwake. Hiyo milioni mbili mi siiti sadaka yake, ni kodi ya wanao imepita tu kwenye bahasha yake, na Mungu hahongwi kwa bahasha hata kanisa zima lisimame kushangilia.

Kuna watu watakutuliza na ile ya malipo ni hapahapa duniani. Mi siwezi kukuahidi hivyo, nimeshaona madhalimu wanazikwa na msafara wa magari na mchungaji anawasifia saa nzima. Hesabu ya huyo bwana Mungu anayo, lini ataifunga ni juu yake, wala usikae unachungulia dirishani kila siku kama gari lake limepinduka, utazeeka bure.

Ila kumuachia Mungu sio kukaa kimya mwanangu, hapo ndo wengi mnakosea. Yesu alipotaka kufundisha watu kuomba bila kukata tamaa, Luka 18, mfano aliotoa ni mjane mwenye kesi! Na yule mama hakukaa ndani kusubiri radi, alikuwa anamfuata kadhi kila siku mpaka kadhi mwenyewe asiyemuogopa Mungu wala mtu akachoka akampa haki yake.

Kwahiyo na wewe nenda. Ulizia mirathi ilifunguliwa mahakama gani, mara nyingi ni Mahakama ya Mwanzo, uombe namba ya jalada. Msimamizi aliyeteuliwa pale anatakiwa ndani ya miezi minne apeleke orodha ya mali na madeni kwenye fomu namba 5, halafu hesabu za mirathi kwenye fomu namba 6 kwa muda ambao mahakama itampangia, we muulize karani tu kama hizo fomu zipo. Kama hazipo, au zipo na nyumba haimo, au imo na jina lako na la wanao hayaonekani, unaweza kuomba mahakama imuondoe ateuliwe mwingine. Usimamizi sio urithi, kapewa kazi ya kukusanya na kugawa, hajapewa nyumba. Beba cheti cha ndoa, cha kifo na vya kuzaliwa vya watoto, na kopi ya ule muhtasari wa kikao cha ukoo kama unayo. Waulize na wapangaji kama wana meseji za kodi waliyomtumia, wasifute. Karatasi yoyote atakayokuletea usaini, usisaini mpaka mtu anayejua sheria aisome. Hela ya wakili kama huna, TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, wanasaidia kina mama bure, au muulize mtendaji wa mtaa akuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria.

Mchungaji nae mfuate ofisini umweleze, mkiwa wawili tu, sio ibadani. Akikwambia samehe kwanza, mjibu unasamehe huku unadai, vyote vinawezekana kwa wiki moja.

Ukipata namba ya jalada niandikie.