Nyumba ya Lincoln: ghorofa iliongezwaje juu ya mbao?

Swali: Mhandisi, shikamoo. Nilitembelea nyumba ya Abraham Lincoln mjini Springfield, Illinois. Tuliambiwa ilijengwa fupi, ikapandishwa baadaye. Nyumba ya mbao unaipandishaje bila kuibomoa yote? Na mbao tulizoziona ni zile zile za zamani? (Msomaji, Dodoma)

Jibu: Marahaba, ndugu yangu. Ni kweli ilikuwa fupi. Mchungaji Charles Dresser aliijenga mwaka 1839 ikiwa na ghorofa moja na nusu. Vyumba vya juu vilijibana chini ya mteremko wa paa, na Lincoln, aliyeinunua 1844, alikuwa na urefu wa futi 6 na inchi 4!

Jibu la swali lako liko kwenye fremu. Nyumba zetu nyingi za tofali hubebwa na ukuta wenyewe. Ile hubebwa na nguzo na mihimili ya mti wa mwaloni. Mbao za nje, zilizopandana kama magamba ya samaki, ni vazi la kuzuia mvua na upepo. Ukitaka kwenda juu, unavua vazi pale unapofanyia kazi, unarefusha fremu, unaifunga kwa mihimili ya mlalo, kisha unaweka paa juu yake na kuivika tena. Mbao ni nyepesi, ndiyo maana ujenzi wa aina hii hukubali nyongeza ambayo ukuta wa udongo ungeikataa. Kazi hiyo ilifanyika 1856 kwa dola 1,300 hivi. Linganisha na bei ya kuinunua: dola 1,200 taslimu pamoja na kiwanja kimoja cha mjini. Matokeo yake unayaona ukisimama barabarani: chini mlango katikati na madirisha manne, juu madirisha matano yaliyopangana nayo sawasawa.

Ndani kuna jambo linalonigusa kila mara. Chini ya plasta kuna fito za mti wa hikori zilizopigiliwa kwenye fremu, na plasta imekandikwa juu yake. Aliyekulia nyumba ya miti na udongo ataielewa kazi hiyo bila kufundishwa.

Kuhusu uzee wa mbao: si zote. Mbao inayopigwa na mvua huoza, na anayetunza nyumba kama ile hubadilisha kipande kilichooza, akaacha kizima mahali pake. Kati ya 1987 na 1988 ilifungwa kwa ukarabati mkubwa. Robert, mtoto wa Lincoln, alikuwa ameikabidhi kwa jimbo la Illinois mwaka 1887 kwa masharti mawili: itunzwe vizuri, na watu waingie bure. Mpaka leo kiingilio hakilipwi.

Ukirudi, panda ngazi taratibu, ukishika kishikio chake. Hicho ni cha enzi zile zile, na wageni wanaruhusiwa kukishika. Lincoln alikipitishia mkono mpaka alipohama Februari 1861 kwenda kuapishwa kuwa rais wa Marekani.