Je, Couperin anaweza kupigwa bila ala za zamani?

SWALI: Ndugu Mhariri, sisi ni vijana wa kwaya tulio na fidla mbili, selo na kinanda cha umeme. Tunatamani kupiga vipande viitwavyo Concerts royaux vya François Couperin, mtunzi Mfaransa wa zamani, lakini tumeambiwa kwamba muziki huo hudai ala za wakati wake, zenye nyuzi za utumbo wa kondoo. Je, tuache?
Msomaji, Ibanda, Bukavu

JIBU: Ndugu msomaji, msiache. Alipovichapisha vipande hivyo mwaka 1722, Couperin mwenyewe alieleza kwamba haviifai klavesini (kinanda cha zamani chenye nyuzi zinazodonolewa) peke yake, bali pia fidla, filimbi, obo, viola da gamba (ala ya nyuzi inayoshikwa magotini) na basuni. Ala za zamani ni za thamani kubwa kwa sababu humfundisha mpigaji namna ya kuutamka muziki, na namna hiyo mnaweza kuanza kuitafuta kwa ala mlizo nazo.

Kiini chake ni mwendo wa noti. Katika kitabu chake cha mwaka 1716 cha kufundisha klavesini, ambacho ninyi mliosoma kwa Kifaransa mnaweza kukisoma wenyewe, Couperin anasema Wafaransa huandika tofauti na wanavyopiga: noti fupi zinazopanda au kushuka hatua kwa hatua, ingawa karatasini zinalingana, hupigwa mbili mbili, ya kwanza ikirefushwa na ya pili ikifupishwa. Kiasi cha kurefusha hutegemea tabia ya kipande, nanyi amueni kwa sikio, pamoja. Noti zikiruka badala ya kwenda hatua kwa hatua, kwa kawaida zibaki sawa.

Kisha upinde. Georg Muffat, aliyejifunza mtindo wa mtunzi Lully huko Paris, aliandika mwaka 1698 kwamba pigo la kwanza la kipimo huvutwa kwa upinde unaoshuka. Zoezi hilo pekee litabadilisha vipande vyenu vyote vya dansi.

Wapigaji wengi wa leo hushusha noti ya "la", ambayo ala hulinganishwa nayo, hadi hezi 392 kwa muziki wa Ufaransa, lakini nyuzi za kisasa zikilegezwa toni nzima hupoteza nguvu, kwa hiyo 415 inawatosha, na kinanda chenu kishusheni nusu toni. Zimeni pia uwezo wake wa kukuza sauti kwa nguvu ya kidole, kwa kuwa klavesini haina uwezo huo.

Nyuzi za utumbo zingojeni: hunyonya unyevu, na majira ya mvua kando ya Kivu yangewalazimisha kuzikaza na kuzilegeza kila mara. Mkipata fedha, nunueni kwanza upinde wa mtindo wa zamani.