Nilimpiga mwanangu kwa mafuta ya elfu moja

*Shikamoo Shangazi.*

*Nina miaka 34, naishi Mbagala na mume wangu na watoto wawili. Mkubwa wa kike yuko darasa la tatu, mdogo ana mwaka na nusu. Nauza duka la vitambaa la mtu Kariakoo, mshahara 250,000. Mume wangu anaendesha bodaboda ya hesabu, kila siku anampelekea tajiri 10,000. Kinachobaki ndio chetu, na siku ya mvua hakibaki kitu. Kodi ya chumba na sebule ni 80,000 kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Mwezi jana ilipofika zamu ya kodi hela haikutimia, nikaenda kuchukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, wa laki mbili bila kumwambia mwenzangu. Narejesha 9,000 kila siku kwa siku 30.*

*Shangazi, si njaa. Kula tunakula. Kinachonitesa ni kichwa. Nahesabu kwenye daladala, nahesabu nikimpimia mteja kitambaa, naamka saa tisa usiku nahesabu. Simu ikiita moyo unapasuka. Grupu la familia nimelizima sauti, kuna mchango wa harusi ya binamu na niliahidi 50,000. Wakitaja majina ya wasiomaliza najifanya sijaona. Mume wangu akinisemesha namjibu kwa mkato.*

*Juzi nilimtuma binti yangu kwa Mangi, mafuta ya elfu moja. Akarudi anakimbia, akajikwaa kizingitini, mafuta yote chini. Nilimpiga, Shangazi, na si kofi moja. Hakulia. Alichukua tambara akaanza kufuta sakafu huku anasema, "Mama nitalipa." Tangu siku hiyo kabla ya kula ananiuliza kama chakula kinatosha. Je, mimi ni mama mbaya? Nifanyeje, maana hela najua haitaongezeka leo wala kesho.*

*Mama Wawili, Mbagala*

Marahaba mwanangu.

"Nitalipa." Hapo niliiweka barua yako chini nikaenda kuchemsha chai. Mtoto wa darasa la tatu hana hata mfuko kwenye gauni lake, atalipa na nini? Lakini keshajua kwamba nyumbani kwao kuna kitu kinadaiwa, na ameamua kuwa sehemu ya deni hilo ni yeye. Kwa hiyo nitaanza na huyo. Mkopeshaji wako atasubiri aya chache.

Leo jioni, kabla hujabandika chochote jikoni, mkalishe karibu yako. Mwambie: "Siku ile ya mafuta mama nilikosea. Wewe ulijikwaa tu. Nilikuwa na hasira za mambo yangu, nikakumalizia wewe." Ukifika hapo nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe uwe unaangalia unapokanyaga", maana hiyo "lakini" itafuta yote uliyoyasema. Na usimnunulie zawadi ya kumfuta machozi, hela huna na yeye hajakuomba zawadi. Najua wapo watakaosema mzazi haombi radhi kwa mtoto, atadharauliwa. Mimi nimelea sita, wanne wa kuzaa na wawili wa marehemu dada yangu, na nimewaomba radhi wote kwa nyakati tofauti. Bado wananiamkia.

Akikuuliza tena kama chakula kinatosha, mjibu: "Cha leo kipo. Siku kikipungua nitakuambia mimi. Kuhesabu ni kazi yangu na baba." Asimame mtu mzima kati ya mtoto na bei ya unga. Na ukihisi mkono unataka kunyanyuka tena, toka nje, hata uani, hata chooni, mwachie mtoto nafasi. Ipo pia namba 116, ya huduma kwa mtoto, haina malipo, na mzazi aliyelemewa naye anaruhusiwa kuipiga.

Sasa swali lako. Mama mbaya haandiki barua ndefu hivi kwa sababu ya kofi. Ila kupiga ulipiga, na hilo sitalipaka mafuta, hasa kwa kuwa mafuta yenyewe yalishamwagika. Ninachotaka ujue ni kwamba kichwa chako hakijaharibika. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wakulima 464 wa miwa katika jimbo la Tamil Nadu, India. Wakulima hao hupata hela kwa mkupuo wakishavuna, hivyo miezi ya kabla ya mavuno ni ya kukopa na kuweka rehani. Walipewa majaribio ya kufikiri kabla ya kuvuna, kisha wakapewa tena baada ya kuvuna. Ni watu walewale, na akili walizozaliwa nazo ni zilezile. Kabla ya mavuno walifanya vibaya, baada ya mavuno wakafanya vizuri. Yaani mawazo ya hela yanachukua nafasi kichwani kama abiria wa daladala ya saa moja asubuhi, na subira inabaki inaning'inia mlangoni. Wewe siku ile ulikuwa umeshahesabu kuanzia saa tisa usiku.

Lakini kuna jambo lingine kwenye barua yako, na kwa maoni yangu ndilo linalokula zaidi ya uhaba wenyewe. Niruhusu nirudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, nikiwa msichana, sukari na sabuni ilikuwa ni kupanga foleni kwenye duka la kaya, na unaweza kupanga ukafika mbele ukaambiwa zimeisha. Mwaka 1983 ndio ikaja ile vita ya wahujumu uchumi, serikali ikawasaka walanguzi na waficha bidhaa, watu wakawa wanatupa bidhaa vichakani usiku. Tuliteseka, sitaki kukudanganya kwamba zamani palikuwa pazuri. Ila sikumbuki mama yangu akiona haya. Alikuwa anasimama mlangoni anasema kwa sauti, "Jamani sina sukari," na jirani anamjibu, "Hata mimi sina, njoo tunywe ya chumvi." Nchi nzima ilikuwa haina. Siku hizi rafu za Mangi zimejaa mpaka dari, kisichokuwa na kitu ni mfuko wako, na unajiona ni wewe peke yako mtaa mzima. Basi unaficha. Umemficha mumeo, umewaficha ndugu zako, na simu ikiita moyo unapasuka kwa kuwa hujui ni uongo upi unaotakiwa kuukumbuka sasa hivi.

Nakuomba ujifunze tena lile neno la mama yangu. Sina. Uliseme kavu, bila hadithi ya ATM imegoma wala "nitakutumia jioni".

La kwanza ni kwa mumeo, na hili ndilo zito. Usimwambie usiku akirudi, kiuno kinamuuma na njaa inamwasha. Wala usimwambie mbele ya mtoto, kwenye chumba na sebule hata ukinong'ona unasikika. Tafuta Jumapili, mtoke mkae hata kwenye benchi la muuza kahawa. Mwambie: "Baba, nina jambo nimekuficha na linanimaliza. Mwezi jana kodi haikutimia, nikakopa laki mbili. Nimesharudisha kiasi hiki, bado kiasi hiki." Anza na tarakimu, kilio kije baadaye kama kitakuja. Huenda akakasirika, na ana haki ya siku mbili tatu za kununa. Sitashangaa pia akinyamaza, kisha akakuambia na yeye ana lake, maana mwendesha bodaboda ya hesabu halali usingizi mnono siku za mvua. Kama ni mtu wa mkono mwepesi, barua yako haikusema, basi usianze peke yako. Mtafute mshenga wenu au mtu mzima wa upande wake anayemsikiliza.

La pili ni harusi. Toka kwenye maficho, lakini usijieleze kwenye grupu la watu mia. Mwandikie mweka hazina peke yake: "Niliahidi 50,000. Nimebanwa, nitatoa 10,000 tarehe fulani. Siku ya shughuli nitafika alfajiri nisaidie jikoni." Halafu fika alfajiri kweli. Najua ahadi ni deni, lakini hata deni hupangwa upya. Harusi yenyewe itapita, na binamu hatakumbuka nani alimaliza. Atakayekumbuka ni yule shangazi wa kamati, na wa aina hiyo hata ukitoa laki atasema ulichelewa.

Sasa hiyo kausha damu. Nilichukua karatasi. 9,000 mara siku 30 ni 270,000. Mshahara wako ni 250,000. Hebu soma tena, mwanangu: umefanya kazi mwezi mzima kwa ajili ya mtu mmoja na bado anakudai 20,000. Wala huhitaji kujiuliza kwa nini unaamka saa tisa. Riba unayolipa ni 70,000 juu ya laki mbili, asilimia 35 kwa mwezi. Ukomo uliowekwa na Benki Kuu kwa wakopeshaji wadogo wenye leseni, wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za watu, ni asilimia 3.5 kwa mwezi, ambayo kwa laki mbili ingekuwa 7,000. Elfu saba dhidi ya elfu sabini. Maliza hili lililobaki, na siku ya mwisho watakapokuambia "mama wewe ni mteja mzuri, tunakuongezea", ondoka kama unakimbilia gari la mwisho. Hapo ndipo wengi wanapozama, kwenye mkopo wa pili wa kufunika wa kwanza.

Siku inayofuata, zile 9,000 zisirudi zote matumizini. Chukueni 3,000 tu kila siku ya kazi, mumeo au wewe, ziende kwenye kibubu cha kodi au kwenye laini ya simu ambayo haitumiki kwa kitu kingine. Siku 26 za kazi zinakupa 78,000, karibu kodi ya mwezi. Na nendeni wote wawili kwa mwenye nyumba sasa, kabla hajawaka, mkamwombe mlipe miezi mitatu mitatu. Miezi sita mara nyingi ni lugha ya dalali kwa mpangaji mgeni, ninyi anawajua. Akikataa mtakuwa hamjapoteza kitu.

Sitakuambia ubane matumizi. Nimezoea kuona ushauri huo unatolewa na watu wanaokunywa maji ya chupa. Wewe ulishabana mpaka kwenye mafuta ya kupima, pa kupunguza hapapo. Bali nakuambia kinyume: kuna kitu kimoja kidogo usikikate. Iwe vitumbua vya Jumamosi, au udi wa chumbani, au kijora kimoja kizuri kinachosubiri shughuli. Nyumba isiyo na kitu hata kimoja cha raha watu wake huanza kuumana.

Kuhusu kuhesabu usiku kucha, jaribu hivi. Nunua daftari la kurasa 40. Kila siku saa mbili usiku, watoto wakilala, kaa na mwenzako muandike kilichoingia, kilichotoka na cha kesho. Nusu saa, mfunge. Hesabu zikikujia kwenye daladala ziambie zisubiri saa mbili, zina daftari lao. Mwanzoni hazitasikia. Wiki ya pili zinaanza kuzoea. Mimi nilipofiwa na mume wangu nikabaki na ada za watoto nilifanya hivyo kwenye kalenda ya ukutani, nyuma ya kila mwezi uliopita, na zile kalenda bado ninazo kwenye sanduku. Ukisoma Machi utacheka, nimeandika "chumvi" mara nne.

Kama umeyafanya haya na bado usingizi hauji, chakula hakipiti, au unaanza kufikiri kwamba watoto wangekuwa salama bila wewe, hilo si jambo la kuandikia gazeti. Nenda hospitali ya wilaya, ulizia kliniki ya afya ya akili, sema hivyohivyo ulivyoniandikia mimi. Usiende peke yako.

Na lipo moja nimeliacha makusudi mpaka hapa. Siku utakayohitaji tena mafuta najua utataka kwenda mwenyewe, ama kumtuma mtoto wa jirani. Mtume binti yako yuleyule. Mpe elfu moja mkononi, mtafutie kichupa chenye kifuniko kinachofunga, mwambie aende polepole.

Wako,
Shangazi