Mavyaa amegeuza sebule yangu jiko la shughuli

"Shangazi, shikamoo. Naishi Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, na mume wangu na watoto wetu wawili, wa miaka 5 na 3. Shule zimefungwa, nje theluji tupu, na likizo yote tumejifungia ndani. Mume wangu hajali. Anafanya kazi ya usiku kwenye ghala. Akirudi alfajiri anazoa theluji mlangoni, halafu analala mkekani sebuleni watoto wamemlalia tumboni. Hiyo ndiyo likizo anayotupa. Nilimwomba atupeleke siku mbili kwenye hoteli yenye bwawa la ndani, dola 900, akasema hana. Lakini mwezi wa kumi alipata nauli ya kumleta mama yake kutoka Tanga! Huyo mama amegeuza nyumba jiko la shughuli: unga hadi kwenye zulia, hadithi mpaka saa nne usiku, na mkubwa wangu ameanza kuongea kama bibi kizee. Wenzangu wako Florida kwenye jua, nikiona picha zao nalia. Siku hizi nalala sana na sina hamu ya chochote. Mavyaa anaondoka tarehe 14 Januari, likizo itakuwa imeshakwisha. Nimfanyeje mume wangu anielewe? Mama Wawili."

Marahaba, mwanangu, na pole. Kukaa na watoto wadogo mahali ambapo jua la Desemba linazama saa kumi na nusu jioni si mchezo. Nilikaa msimu mzima wa baridi kwa binti yangu Toronto, najua. Kuwavisha wajukuu wawili ili wacheze nje robo saa kulinichukua nusu saa, na zipu ya mwisho ikishapanda mdogo anataka kwenda chooni.

Pole yangu inaishia hapo.

Barua yako nimeirudia mara tatu nikimtafuta mume asiyejali, sikumwona. Nimemwona mwanamume anayekesha ghalani, akirudi anashika koleo ili ninyi msiteleze, halafu badala ya kujifungia chumbani alale, anawapa watoto tumbo lake. Nikamtafuta na mtoto anayeteseka, naye hayupo. Katika barua nzima anayelia ni mmoja tu, na ndiye aliyeishika simu.

Hasira yako ni ya ile tiketi ya Tanga. Dola 900 za bwawa umezileta ili usiseme kwamba unaona mama yake amepewa kilicho chako. Sema hivyo, na umwambie mumeo kwa sauti ya chini, maana mume anayeambiwa "huwajali watoto" na huku watoto wako kifuani pake hawezi kukuelewa hata ukimwandikia barua kumi.

Na huyo mama, mwanangu! Ametoka kwenye joto la Tanga, amevaa soksi mbili-mbili, hajui basi wala duka, na bado ameamka akatafuta iliki. Unga ule kwenye zulia naujua. Ni wa visheti. Mtoto wa miaka 5 anapewa kidonge cha unga na uma, anakibonyeza mgongoni mwa uma na kukiviringisha mpaka kitoke na mistari kama kombe la pwani. Cha kwanza kinapasuka, cha pili kinakuwa kinene, cha kumi anakibeba kiganjani kwenda kumwonyesha baba yake aliyelala. Usiku bibi anasema "Paukwa!" nao wanaitikia "Pakawa!" kwa Kiswahili, huko huko Minnesota, ambako wewe mwenyewe huenda unawajibu kwa Kiingereza kwa uchovu. Unalalamika mwanao anaongea kama bibi kizee? Kuna wazazi wa ughaibuni wanaolipia masomo ya Jumamosi watoto wao wapate robo ya hicho. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wewe mgeni amekuja, unamhesabia siku za kuondoka.

Ndoa za siku hizi zinaumwa ugonjwa huu. Mke anakaa na mume wake sebuleni, macho yapo kwenye sebule ya mtu mwingine. Zamani jirani akipika pilau ulisikia harufu, na ugomvi wake pia uliusikia, ukajua kila nyumba ina lake. Picha ya Florida haina sauti. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Ila kuna sentensi moja umeipitisha haraka: unalala sana na huna hamu. Hiyo siichukulii kwa wepesi. Giza la msimu wa baridi huwaangusha watu wengi kwa huzuni, na ni jambo la tiba linalojulikana. Likiendelea kwa wiki mbili hivi, nenda kwa daktari, na mumeo ajue. Kwa sasa toka nje kila siku saa sita mchana, pamoja na watoto, hata dakika kumi. Wavishe nguo tabaka kwa tabaka, na usikilize utabiri: upepo ukiifanya baridi ihisiwe kama nyuzi 28 za Selsiasi chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi huweza kuganda ndani ya dakika 30, siku hiyo msitoke. Jaza theluji kwenye beseni, iweke bafuni, wape vikombe na vijiko. Garini wavue makoti mazito kabla ya kuwafunga mikanda ya viti vyao, kwa sababu koti nene huuacha mkanda umelegea. Blanketi lije juu yake.

Tena siku mumeo akipumzika, nendeni Como Park, Saint Paul, mji jirani na wenu. Pale kuna jumba la kioo la mimea lililofunguliwa mwaka 1915, ndani joto na unyevu, miti ya jamii ya minazi imepanda juu kabisa, na hakuna kiingilio, unatoa mchango ukipenda. Mchukue mavyaa. Mwache aone jani analolijua.

Siku zake zilizobaki unazijua. Leo usiku loweka mchele wa vitumbua, kisha umwombe akuonyeshe, wewe mwenyewe, jinsi anavyopima tui.