Vikao Vilivyokufa Vinavyozishika Akaunti za Wanachama

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Ninasimamia kompyuta za ushirika wa kuweka na kukopa hapa Wete, na makarani wetu wa Konde na Mkoani huingia moja kwa moja katika kanzidata ya PostgreSQL iliyopo makao makuu. Tangu msimu wa karafuu uanze, karibu kila siku ifikapo saa tano asubuhi kanzidata hukataa watu wapya ikisema miunganisho imejaa. Aidha, umeme ukikatika Mkoani, akaunti iliyokuwa ikihudumiwa huganda kwa zaidi ya saa mbili, hata karani akiwasha tena kompyuta yake. Mimi huizima seva na kuiwasha upya. Mwenzangu ananishauri niongeze idadi ya miunganisho. Je, ni sahihi?
Msomaji, Wete

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu msomaji. Nakuomba usiiongeze idadi hiyo kwanza, kwani una maradhi mawili tofauti na hakuna hata moja linalotibiwa kwa dawa hiyo.

Hizo saa mbili ndizo zilizonipa mwanga. Kompyuta ya karani inapozimika ghafla, haipati nafasi ya kuiaga seva. Kwa hiyo seva huendelea kumsubiri mtu ambaye hayupo, huku ikikihifadhi kikao chake (yaani muunganisho wake na kanzidata) pamoja na kufuli aliloliweka kwenye akaunti ya mwanachama ili mwengine asiibadilishe. Akiingia upya hupewa kikao kipya, nacho hukuta akaunti imefungwa na kikao chake mwenyewe cha awali. Linux, mfumo endeshi wa seva nyingi, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukaa kimya sekunde 7200 kabla ya kuulizia kama upande wa pili bado upo, kisha huulizia mara 9 kwa kupishana sekunde 75, na ndipo huukata muunganisho: jumla ni saa 2 na dakika 11 hivi. Katika mipangilio ya PostgreSQL, weka tcp_keepalives_idle iwe 60, tcp_keepalives_interval iwe 10 na tcp_keepalives_count iwe 6, na kikao kilichokufa kitagunduliwa katika muda wa dakika 2.

Kujaa kwa saa tano ni jambo jengine. Ifungue pg_stat_activity, orodha ya vikao vilivyomo kwenye kanzidata, uitazame safuwima ya state. Kikao kilichoandikwa «idle» kimemaliza kazi na kinasubiri amri. Kinachukua nafasi na kumbukumbu, lakini hakimzuii mtu. Kilichoandikwa «idle in transaction» kimeanza muamala (mabadiliko yanayohifadhiwa au kufutwa kwa pamoja) na hakijaumaliza, na hicho ndicho kinachonitia hofu, kwa sababu kinaendelea kushika makufuli, na kikikaa muda mrefu kanzidata hushindwa kufagia nakala za zamani za taarifa zilizobadilishwa, hivyo majedwali huvimba. Ninavyoamini, programu yenu huanza muamala na kuiwekea akaunti kufuli pale karani anapofungua ukurasa wa mwanachama, si pale anapohifadhi. Akiinuka kwenda kutafuta kitabu, wenzake hukwama nyuma yake, hudhani programu imegoma, hufungua dirisha jengine, na kila dirisha ni kikao kipya. Mpangilio wa idle_in_transaction_session_timeout, uliopo tangu toleo la 9.6 la mwaka 2016, utakikata kikao cha namna hiyo. Anza na dakika 5, na uwaarifu makarani mapema, maana kazi ambayo haijahifadhiwa itafutwa. Hata hivyo, tiba ya kweli iko kwa mwandishi wa programu: muamala uanze pale karani anapobonyeza kuhifadhi, na uishe papo hapo.

Kwa vikao vinavyosubiri tu, toleo la 14 la mwaka 2021 lina idle_session_timeout, au tumieni PgBouncer, programu inayokaa kati ya makarani na kanzidata, ili makarani wengi wagawane miunganisho michache.

Nafasi za miunganisho kwa kawaida ni 100, na kila muunganisho ni mchakato wake ndani ya seva. Ukiziongeza, utaisogeza saa tano hadi saa sita tu. Kuizima seva nako huwafutia makarani wote miamala ambayo haijakamilika, wakiwemo wasiohusika. Katika nafasi hizo, 3 huwekewa msimamizi mkuu, kwa hiyo unaweza kuingia hata kukijaa. Itafute namba ya kikao kinachozuia, mpigie simu karani wake, kisha ukikate kwa amri ya PostgreSQL iitwayo pg_terminate_backend. Usiuue mchakato wake kwa amri ya Linux ya kill -9, kwani PostgreSQL itawatoa watu wote na kuanza kujirejesha kana kwamba imeanguka.