Jibu: Kubadili rangi za ikoni za faili kwenye VS Code

Habari ndugu. Umesema kwenye VS Code, programu ya kuandikia msimbo, umeandika rangi mpya ndani ya mpangilio wa workbench.colorCustomizations, upau wa pembeni ukabadilika lakini ikoni za faili zikabaki vilevile. Hujakosea kuandika. VS Code hutenganisha mandhari ya rangi na mandhari ya ikoni za faili, na mpangilio huo unagusa ile ya kwanza tu.

Kinachofuata kinategemea ikoni unazotumia. Ikoni za mandhari iitwayo Seti, zile zinazokuja na programu yenyewe, zimechorwa kama fonti, na rangi ya kila moja imeandikwa kwenye faili la JSON (faili la maandishi la mipangilio) la mandhari hiyo chini ya fontColor. Ikoni za SVG, aina ya faili la picha, hubeba rangi ndani ya mchoro wenyewe, kwa kawaida kwenye sifa iitwayo fill, kwa hiyo mandhari ya rangi haiwezi kuzifikia.

Njia rahisi ni kusakinisha Material Icon Theme, kiendelezi (nyongeza ya programu) chenye mandhari yake ya ikoni. Kisha fungua settings.json, faili la mipangilio ya VS Code, uongeze:

"material-icon-theme.folders.color": "#ef5350"

Hiyo ni ya folda. Kama rangi zinakuumiza macho, jaribu pia material-icon-theme.saturation (ukolezi wa rangi), ukiweka 0 ikoni zote zinakuwa za kijivu. Mimi napenda 0.6, inatuliza sana ukifanya kazi usiku.

Tafadhali usihariri mafaili yaliyo ndani ya folda ya kiendelezi. Kikisasishwa tu, kazi yako yote inafutika. Ukitaka kubadili ikoni moja moja, nakili kiendelezi kizima ukipe jina jipya, halafu uhariri nakala hiyo.