Unga wa mawe unazuiaje mlipuko wa vumbi la makaa?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Nimesoma kwamba kwenye migodi ya makaa ya mawe wanamwaga unga wa mawe chini, ukutani mpaka darini ati vumbi lisilipuke. Sasa si ni kuongeza vumbi juu ya vumbi? Na kwa nini wasitumie ile poda ya mtungi wa kuzimia moto?

JIBU: Nzuri ndugu. Ni kweli ni vumbi juu ya vumbi, ila hili la pili haliungui. Ni mawe ya chokaa yaliyosagwa, sio ile chokaa ya kupaka ukuta, ile inaunguza ngozi.

Iko hivi, mara nyingi inaanza methani kidogo tu, ile gesi inayotoka kwenye makaa, inalipuka, upepo wake unatangulia mbele ya moto unatimua vumbi lililolala, moto ukifika unakuta chakula kishaandaliwa. Huko Courrières, Ufaransa, tarehe 10 Machi 1906, vumbi liliusambaza moto mgodini hivyohivyo na watu 1,099 wakafa. Sasa kukiwa na unga wa mawe upepo uleule unautimua nao, unameza joto, punje za makaa za jirani zinakosa joto la kuwakia na moto unafia njiani. Lakini kidogo hakitoshi, Marekani sheria inataka angalau 80% ya vumbi la njiani liwe lisiloungua.

Na wengi wanakosea hapa: wanamwaga mara moja wanajua wamemaliza. Majaribio yameonyesha vumbi la makaa lenye unene wa milimita 0.12 tu, yaani kama karatasi, likitua juu ya unga wa mawe wa milimita 20 bado linasafirisha mlipuko, maana upepo unaanza kubeba la juu. Kwa hiyo kumwaga hakuishi. Tena unga ukilowa unagandamana hautimuki, ndo maana upo unaochanganywa na dawa ya kukataa maji.

Poda ya mtungi kwa nguvu inaushinda unga wa mawe, wala sibishi. Aina yake moja, baikabonati ya sodiamu, inavunjika mapema ikitoa kaboni dayoksaidi na mvuke, na nyingine, fosfeti ya amonia, inavuruga kemia yenyewe ya moto. Ila kutandaza hiyo kilomita na kilomita za njia, nani atalipa? Wanaijaza kwenye mitungi yenye sensa, yaani kifaa cha kuhisi moto, sensa ikiona mwale tu inaifyatua mbele ya moto.